Lakshmi Anayemtazama Jirani

Madurai, 6 Novemba 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mvua imetuchosha. Hujambo wewe na kifua chako?

Lakshmi, yule mungu wa neema uliyemchonga kwa shaba na kunitumia kwa sikukuu ya Deepavali, amefika salama. Nimemvika maua, nimemwashia taa. Lakini Baba, hanitazami! Nikisimama mbele yake, yeye anaangalia dirishani kwa jirani. Mume wangu Selvaraj anasema, "Ndiyo maana jirani kapandishwa cheo!" Nilicheka, kisha nikaingiwa na hofu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu haendi kwa mungu kuona tu, huenda na kuonwa. Hujawahi kukosea jicho. Macho yako yana nini?

Mwanao, Kuyili


Swamimalai, 15 Novemba 1986

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgonjwa ni mdomo wako. Lakshmi msogeze kushoto, atakutazama.

Sina nafasi ya maneno. Nimemaliza kumimina shaba ya Mariyamma, mungu Mama wa hekalu jipya la kijijini. Mwezi wetu wa Thai, Januari ikielekea Februari, nitamfungua macho: nitamchonga mboni, ndipo aanze kuona.

Baba yako


Madurai, 28 Novemba 1986

Baba,

Shikamoo, na usinikasirikie. Shangazi Valli kaniambia unamimina maziwa nje ya kikombe. Huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Hapa wanaupasua, lakini ukishapasuliwa hutashika tindo kwa wiki kadhaa.

Jicho likishachongwa halifutiki. Je, kijiji kizima kimwinamie Mama asiyewaona? Nipe mimi nimfungue. Tangu utotoni umenifundisha nta na shaba, ukaninyima macho tu.

Mwanao, Kuyili


Swamimalai, 12 Januari 1987

Mwanangu Kuyili,

U hali gani? Nilikasirika, ndiyo maana nikanyamaza. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kushika tindo ya dhahabu, ile ya kufungulia macho ya miungu.

Juzi nilijaribu kuchora jicho kwenye nta. Nilipolipapasa kwa kidole, nikalikuta juu ya nyusi. Naogopa, mwanangu. Kisu cha daktari sikiogopi. Naogopa kufa bila kutazamana na Mama tena, mimi niliyewafungua macho akina Mama wengi hivi.

Njoo. Tindo iko ndani ya debe la mchele. Kioo tumia kile cha marehemu mama yako. Mimi nitapanda basi nije kwenu, mnipeleke hospitali.

Baba yako


Swamimalai, 3 Februari 1987

Baba,

Shikamoo. Selvaraj atakusomea, nawe usiguse bandeji! Pole kwa maumivu.

Imekwisha. Kuhani alinuna, lakini kijiji kilisema mwana wa mchongaji ni mchongaji. Nilikaa nyuma ya pazia, nikaita jina lako. Nikachonga la kulia, kisha la kushoto. Kama ulivyonielekeza, sikumkodolea, maana mtazamo wa kwanza wa mungu ni mkali kwa mtu. Nilimwinulia kioo cha mama, ajione mwenyewe kwanza. Pazia lilipofunguliwa, wakamletea ng'ombe na ndama wake awatazame kwanza, kisha watu.

Kama nimekosea, utaona mwenyewe. Nakuombea uone.

Mwanao, Kuyili


Swamimalai, 30 Machi 1987

Mwanangu,

Hamjambo wote? Mimi sijambo, na hizi herufi nazisoma mwenyewe. Miwani yenyewe mizito kama kitako cha chupa. Watoto wa mtaa wananiita bundi.

Jana nilikwenda kwa Mama. Nilijipanga mwisho wa mstari. Nilipoinua uso, alikuwa ananitazama. Ananitazama mimi, Kuyili! Nililia mpaka miwani ikafanya ukungu, ikabidi niivue, na bado nilijua ananiona.

Kope la kushoto umelishusha kidogo, kama la mama yako. Ulidhani sitaling'amua? Liache.

Mzee mmoja akauliza nani kamfungua macho. Nikajibu hekalu zima lisikie: "Binti yangu!" Watu wawili wakakunja nyuso, wakageuka kuondoka. Mama aliendelea kuwatazama nao.

Tindo usiirudishe, ni yako. Na yule Lakshmi wako mrudishe pale pale alipokuwa. Jirani naye anahitaji kuonwa.

Baba yako, anayeona