Chai ya Mama Mkwe

Jumanne, Biryogo

Nisamehe, daftari langu, wiki tatu sijakugusa. Mchana kazi, jioni masomo ya uuguzi wa jamii, na mwanangu hataki kulala bila kunyonya.

Leo, kwa mazoezi ya masomo, nimemtembelea Zaituni, aliyejifungua siku kumi na moja zilizopita. Kichwa kinamuuma, uso umevimba. Nikampima presha mara mbili. Iko juu sana.

"Twende hospitali sasa hivi," nikasema.

Mama mkwe wake akacheka. "We mwanafunzi! Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Kunywa chai, binti yangu."

Nikanywa. Mana yanjye, Mungu wangu, kwa adabu nikamaliza kikombe kizima, huku Zaituni akiuliza mbona chumbani kuna giza. Dirisha lilikuwa wazi, na jua likiwaka.

Naandika nikiwa barazani kwao. Maziwa yamenijaa, yananiuma, lakini siondoki bila yeye. Nimemwandikia msimamizi wangu wa mazoezi, hajajibu. Bado nangoja aniletee gari la wagonjwa, sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, ambacho humpata hata aliyekwisha kujifungua, na mwanamke mmoja mtu mzima wa msikitini ambaye mama mkwe hawezi kumcheka.