Kaseti za Baba Hadi Irun

Kokkola, 1 Septemba 1996

Mwanangu Saija,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tampere, wewe pamoja na Jere na wenzenu wa bendi. Mimi sijambo. Mgongo tu unalalamika, na huo umelalamika tangu hujazaliwa. Viazi nimeshavivuna, na kaburi la mama yako nimelisafisha na kulipandia maua ya vuli.

Nina ombi. Wiki ijayo napeleka shehena ya karatasi Hispania, nirudi na vigae. Ni karibu mwezi mzima barabarani, na mara hii niko peke yangu. Väinö, dereva mwenzangu, amestaafu. Miaka yote nilimlaani kwa ule mdomo wake usiofungwa, sasa nikikiangalia kiti chake kitupu roho inaniuma. Redio nayo ukishavuka bahari inasema Kijerumani tu. Na kaseti zangu za tango, ule muziki wa huzuni wa kuchezwa wawili wawili, zimechakaa, mwimbaji utadhani anaimba akiwa chini ya maji.

Basi nichagulie albamu. Za kwenu. Huo muziki wa rock na metali ambao nimeusikia miaka yote kupitia ukutani, nikigonga na kupiga kelele, "Punguza, mtoto!" Nataka kuusikia bila ukuta katikati. Usinichagulie zile laini za kuhurumia wazee. Nichagulie kama unavyomchagulia dereva.

Ukiandika nikiwa njiani, tuma kwa ofisi ya wakala wetu Irun, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Napita pale kwenda na kurudi.

Baba yako,
Ensio


Tampere, 5 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Salamu, na pole kwa mgongo. Sisi huku wazima, mimi nina mafua kidogo tu. Barua yako ilinichekesha hadi Jere akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani amekufa. Nilipomsomea, akakaa kwenye ndoo ya rangi akasema, "Mzee Ensio anataka metali? Ngoja nivae shati."

Tumegombana sana juu ya hizi kaseti. Jere ni mpiga ngoma, ukimwachia atakujazia watu wanaopiga ngoma tu. Nimemshinda. Kwenye kifurushi anza na ile albamu ya Waingereza wa zamani, ya miaka ya sabini. Hiyo itakufungulia masikio, ina gitaa linalotembea polepole kama mtu mwenye buti za msituni. Isikilize kuanzia nyumbani mpaka Helsinki. Usiruke nyimbo, baba. Albamu inasikilizwa kama safari, huwezi kuruka mji kwa sababu hukuupenda.

Ukishatoka melini Ujerumani weka Routavuori. Ni vijana wa Kuopio, wazito, wapole, wenye huzuni. Nadhani utaelewana nao. Korppisaari ni wakali, mwimbaji ananguruma mwanzo mpaka mwisho. Usiiweke kwenye foleni ya magari, utagombana na watu. Ufaransa ni ndefu na tambarare, kwa hiyo nimekuwekea Tervaveli. Wana kinanda na wanaimba sauti safi, utapumzika. Na kuna moja sikuiandika jina. Iweke ukiona milima, kisha uniambie umefikiri nini.

Endesha taratibu. Kula chakula cha kweli, si soseji za vituo vya mafuta peke yake.

Binti yako,
Saija


Karibu na Hannover, 14 Septemba 1996

Saija mwanangu,

Salamu kutoka Ujerumani. Hapa ni mvua na ukarabati wa barabara. Afya yangu njema. Mafua yako yameisha? Kunywa maziwa ya moto yenye asali.

Waingereza nimewapenda mara moja. Routavuori je! Mtoto wewe, hiyo ni tango. Usicheke. Mwanamke ameondoka, vuli imekuja, mtu anasimama kwenye uwanja mtupu. Yote yamo. Tofauti yake tango inavaa viatu vya kuchezea na hawa wamevaa buti. Nimeigeuza mara tatu na nilipofika kituo cha mizani nikawa sitaki kushuka.

Korppisaari nayo imeniletea mambo. Nimepaki kupumzika, kaseti inanguruma, mara Mdenmarki mmoja wa lori la jirani anagonga kioo, amekunja uso.

"Bwana, zima injini! Beringi zimekwisha!"

"Injini imezimwa," nikamwambia. "Huo ni muziki."

Akaweka sikio. "Huyo mwimbaji anaumwa?"

"Haumwi. Ndivyo anavyofurahi."

Akapanda, akaketi kwenye kiti cha Väinö, tukanywa kahawa yangu mpaka upande wa kwanza ukaisha. Akaondoka akitikisa kichwa, ila si kama mtu aliyechukia.

Sasa swali. Yule kijana wa duka la muziki hapa Kokkola aliniambia bendi yenu imetoa albamu mwaka huu, tena wewe ndiye unayeimba. Nimepekua kifurushi chote, haimo. Mbona umenipa za watu wote ukaninyima ya kwako?

Nijibu Irun.

Baba yako


Irun, 19 Septemba 1996

Saija,

Salamu. Natumaini hujambo. Nimefika ofisini kwa wakala, Maite, karani wake, amefungua sanduku la barua mbele yangu. Hakuna kitu changu.

Jana nilipiga simu kwenu. Alipokea Jere. Nikamwambia nipe Saija. Akasema, "Hawezi kuja kwenye simu." Nikauliza amelala? "Hapana." Ametoka? "Hapana." Kigugumizi kimemshika Jere, kijana ambaye akianza kuongea humpati mwisho wake.

Kama nimekukera kwa kuuliza habari ya albamu yako, nisamehe, sikukusudia. Mimi ni mtu wa kuendesha lori. Huenda hutaki rafiki zako wajue baba yako anasikiliza muziki wenu na kuufananisha na tango. Ikiwa ni hilo, niambie tu, nitanyamaza.

Milima nimeiona leo asubuhi. Ile kaseti isiyo na jina sijaiweka. Sina hamu ya kusikiliza kitu.

Baba


Tampere, 24 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu zote, na usome hii ukiwa umekaa.

Hujanikera. Hata kidogo. Siwezi kuja kwenye simu kwa sababu siruhusiwi kuongea. Hata kunong'ona. Naandika kila kitu. Jere anasema hajawahi kukaa kwenye nyumba tulivu hivi, na kwamba naandika kwa kufoka.

Yale hayakuwa mafua. Tangu Juni sauti yangu ilikuwa inakatika katikati ya onyesho. Nilidhani ni uchovu. Mwezi wa nane daktari akanitia kioo kooni, akaona uvimbe kwenye uzi wa sauti. Wameukata wiki iliyopita. Sasa uko maabara, na majibu yatatoka Ijumaa, tarehe nne Oktoba.

Niliogopa kukuambia, baba. Mama naye alianza na "uvimbe mdogo tu". Nakumbuka ulivyokuwa umekaa kwenye korido ya hospitali na kofia yake mapajani. Sikutaka ukae tena hivyo, tena peke yako, nyuma ya usukani, Ufaransa. Nikamwapisha Jere asiseme, maskini, na unajua Jere hawezi kudanganya.

Albamu yetu nilishairekodi kwenye kaseti kwa ajili yako. Nilikuwa naifunga pamoja na nyingine, nikaijaribu kidogo, nikajisikia naimba, nikafikiri, labda hii ndiyo itakayobaki. Nikaitoa. Sikuweza kukutumia sauti yangu kama vile tayari ni kumbukumbu.

Halafu ikaja barua yako ya Mdenmarki. "Huyo mwimbaji anaumwa?" Nililia kwa kucheka, na kucheka nako nimekatazwa.

Tafadhali usikimbize lori. Majibu hayatawahi kwa sababu wewe umewahi.

Binti yako anayekupenda,
Saija


Irun, 1 Oktoba 1996

Mwanangu,

Salamu, salamu, salamu. Kiwanda cha vigae kilikuwa na mgomo, ndiyo maana nimechelewa kurudi hapa. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kaunta, sikufuata ulivyoniagiza. Maite aliniona uso, akanisukumia kiti bila kuuliza, akanimiminia kahawa yao ile chungu.

Nimekasirika, nikwambie kweli. Ulinificha nisiogope, nami niliogopa vilevile, tofauti ni kwamba niliogopa kitu kingine. Nimevuka Hispania nzima nikidhani binti yangu ananionea haya. Usinifanyie hivyo tena. Habari mbaya nipe, nina mabega. Kwenye ile korido nilikaa na kofia ya mama yako kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia niishike. Hakunificha kitu hata siku moja, na hilo ndilo lililonisimamisha.

Basi, hasira imeisha. Ilikuwa ndogo.

Barua hii pengine nitaitangulia mwenyewe. Ijumaa nitapiga simu kutoka popote nitakapokuwa. Wewe usitoe hata pumzi yenye sauti. Jere apokee, aniambie.

Baba yako,
Ensio


FAKSI
Kwa ofisi ya meli, Travemünde, Ujerumani. Apewe dereva Ensio Kinnunen akifika.
Tampere, Ijumaa 4 Oktoba 1996

BABA, SIKUKATA MIMI. SARAFU ZAKO ZILIKWISHA. SI SARATANI.

Baba, salamu. Mimi mzima. Narudia, mzima! Daktari alipiga simu, Jere akamsikiliza, akarudia kila neno kwa sauti ili nisikie: uvimbe ni wa kawaida, wa kuimba vibaya bila kupumzika, umeisha, na sauti itarudi. Jere akalia kuliko mimi. Kisha akakimbia dukani kutafuta keki, na simu ikalia tena nikiwa peke yangu.

Nikaipokea. Ulisema, "Jere?" Nikanyamaza. "Jere, mbona husemi, kijana?" Nikagonga simu kwa ukucha. Hapo ukaelewa.

Ukasema, "Saija. Sikiliza. Kama ni mabaya, weka simu chini. Nitajua, na nakuja. Kama ni mema, usiiweke."

Sikuiweka, baba! Niliishika kwa mikono miwili. Nikakusikia unapumua, malori yanapita nyuma yako, halafu ukaanza kusema "Asante Mung..." na simu ikakatika. Ilikatika yenyewe! Nikakaa nayo sikioni kama mjinga, nikidhani utarudi, mpaka Jere akaingia na keki. "Irudishe mahali pake, mwendawazimu! Akipiga tena atakuta laini haipo!"

Tumesubiri mpaka sasa na hujapiga. Najua unafikiri nini. Yeyote anayepokea karatasi hii, tafadhali msomee kwa sauti kubwa.

Binti yako,
Saija


FAKSI
Travemünde, Jumamosi 5 Oktoba 1996

Mwanangu Saija,

Salamu kutoka bandarini. Mimi mzima sasa. Jana sikuwa mzima.

Simu ilipokatika niliitazama ile mashine. Sikujua ni yenyewe au ni wewe. Mama wa mgahawa wa pale kituoni akakataa kunivunjia noti mpaka ninunue kitu, nikanunua mkate wa jibini. Nikapiga, laini haipatikani. Nikanunua mwingine, nikapiga, vilevile. Nikafikiri umeitoa simu makusudi, hutaki kusikia sauti ya mtu. Nikarudi garini nikaondoka, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya isipokuwa kuja. Ubelgiji nilijiambia ni sarafu. Uholanzi nikajiambia kaweka simu chini. Sikuwasha kaseti yoyote. Nilikuwa nikikisikiliza kile kimya chako upya, nikitafuta mlio wa simu kuwekwa.

Leo naingia ofisini, foleni imejaa madereva, na yule Pirkko wa kaunta anasimama juu ya kiti. "Ensio Kinnunen ni nani? Ensio! Binti yako anasema hakukata yeye!" Watu wote wakageuka. Akaisoma yote, neno kwa neno, hadi keki. Mwestonia mmoja akanipiga mgongoni, pale pale panaponiuma, na sikuhisi maumivu. Fomu za kupakia lori amenijazia Pirkko.

Usinijibu. Usiseme na mtu. Keki niachieni kipande. Ile kaseti isiyo na jina bado sijaiweka, naileta tuisikilize pamoja. Meli ikifika Helsinki nakuja Tampere moja kwa moja, vigae vitasubiri. Nitaongea mimi kwa niaba ya wote wawili, Jere atusaidie.

Wananiita nipandishe lori. Pirkko anasema nifute uso kwanza, mabaharia wasije wakadhani nimepata habari mbaya.

Baba yako,
Ensio