Zamu ya Jumamosi

2 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukali. Sisi huku tu wazima. Wodi imejaa na miguu inauma, lakini tunakwenda.

Ukoo umenikabidhi wasifu wa Mama, niusome kwenye ibada ya kumbukumbu. Nilidhani ni kazi ya siku moja: mke, mama wa watoto wanne, mshonaji wa sare za shule, kiongozi wa kina mama kanisani. Ndipo Katibu wa kanisa aliponitumia maelezo yake, na tangu hapo kichwa kinanizunguka. Anasema kwa miaka thelathini na moja, kila Jumamosi asubuhi, Mama alisafisha kanisa peke yake bila kukosa zamu, na daftari lina sahihi yake.

Mama Mdogo, Jumamosi asubuhi Mama alikuwa nyumbani. Aliniketisha sakafuni, akanibana kichwa kwa magoti, akanisuka huku cherehani ikimsubiri. Nayakumbuka magoti yale. Au niliuota utoto wangu? Niambie niandike lipi.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Goti ndilo lenye kiburi kuliko mwenyewe. Wasalimie wajukuu.

Andika alivyosema Katibu. Umri wako huo ndio watu huanza kuchanganya siku. Huenda mlisukwa Ijumaa. Usisahau kuandika kwamba alimuuguza baba yako miaka sita bila kunung'unika, na kwamba majirani wawili waliogombania ukuta walipatana mezani kwake, kwa sababu aliwanyima chai mpaka wasalimiane. Dada alikuwa na mikono mingi. Usiihesabu.

Mama Mdogo wako

17 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti je?

Nimemuuliza Kaka, naye akacheka hadi simu ikamponyoka. "Jumamosi? Jumamosi Mama alikuwa akinikimbiza uani na beseni la maji ya sabuni! Mwambie Katibu aje aone kovu langu la kisigino." Basi tumeota wawili.

Kuna jambo lililonichanganya zaidi. Katibu anasema zamu ya Mama haijapewa mtu tangu maziko, miezi minne sasa. Daftari limeishia hapo. Lakini kila Jumapili wanakuta sakafu imepigwa deki na maua yana maji mapya. Baadhi ya kina mama hawaingii tena mle peke yao. Mimi ni muuguzi, Mama Mdogo. Waliokufa nimewaona wengi, na hakuna hata mmoja aliyeomba ndoo.

Halafu, tulipogawa nguo za Mama, koti lake la kijani halikuwamo. Unajua liliko?

Mwanao

8 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata neno lako. Jirani yako ananiambia u mzima, nami namshukuru Mungu. Ibada ni Jumapili ijayo. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasoma maisha ambayo mimi mwenyewe siyaelewi. Tafadhali.

Mwanao

10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Koti liko nyuma ya mlango wangu.

Nilipoolewa na baba yako mdogo, mwanamume aliyekwisha kuachana na mke wa kwanza, wazee wa kanisa walinitenga. Nilikatazwa huduma yoyote, hata ya kupanga viti. Dada hakubishana nao. Alikuja kwangu Jumamosi moja alfajiri, akanivalisha koti lake, akatia ufunguo wa kanisa mfukoni, akasema: "Mimi nina watoto wanne wa kuogesha na kusuka. Nenda kanifanyie zamu yangu, na usiniaibishe kwenye madirisha."

Tulikuwa kimo kimoja. Anayepita barabarani huona koti, haoni mtu. Nilitia sahihi yake kwa kuwa yangu haikuruhusiwa. Mume wangu akafariki, wazee wale nao wakafariki, na hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Mimi sikuwakumbusha, nikichelea maswali. Dada alipozikwa, mkono haukuweza tena kuandika jina lake, lakini miguu iliendelea kwenda.

Sasa niambie wewe uliyesoma: miaka ile ni ya nani? Ni yake aliyetoa jina, au yangu niliyetoa mgongo? Ukisema kweli, watamwita mwongo kwenye ibada yake mwenyewe. Ukinyamaza, zamu atapewa mwingine, nami Jumamosi sitakuwa na pa kwenda. Nimechanganyikiwa kuliko wewe.

Mama Mdogo wako

19 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimerudi salama. Uliondoka kabla ya chai, kwa hiyo hatukusemezana.

Ile sentensi niliiandika mara kumi na moja: "Ndugu zangu, kwa miaka thelathini na moja nyumba hii ilisafishwa kwa jina la mama yetu, na asubuhi zile zile, nyumbani, mama yetu alituogesha na kutusuka. Tulio hapa tunashukuru kwa yote mawili." Niliona watu wakitazamana. Kaka alijishika kisigino. Hata sasa sijui kama nilisema kweli au niliificha.

Sikutegemea Katibu asimame palepale aulize nani atairithi zamu. Wala sikutegemea mkono wako uinuke. "Wewe, Mama?" alisema. "Kazi yenyewe unaiweza?" Nawe ukamjibu, "Nitajifunza." Nilicheka na kulia kwa pamoja, shangazi akadhani nimepaliwa.

Mwanao

27 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, mimi na goti.

Jumamosi Katibu alinipokea mlangoni. Alinionyesha stoo, mahali ufagio unapokaa, na jinsi ya kulisukuma lile dirisha linalokwama. Aliniambia kwa upole, "Usiogope, Mama, utazoea." Nilimshukuru sana.

Alipoondoka nilipiga deki, kisha nikafungua daftari. Kalamu ikaanza yenyewe kuandika jina la Dada. Nikaizuia, nikakaa kwenye benchi la mbele, ambalo maishani nimelifuta tu, nikajaribu kukumbuka sahihi yangu ilivyokuwa. Haikuja. Sakafu ilikauka nikiwa bado nimekaa.

Mwishowe niliandika vile ninavyotia sahihi chini ya barua ninazokuandikia. Katibu akiuliza ni nani huyo, mjibu wewe.

Mama Mdogo