Makufuli Matatu ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 4 Machi
Nimekwenda tena kuutazama mlango. Bado umefungwa! Wodi mpya ya wazazi, rangi inanukia, vitanda vimo ndani na nailoni zake. Nimechungulia dirishani. Jengo ni la serikali kuu, vitanda vya mkoa, kiwanja na maji vya mji. Siku ya kukabidhiana hawakuaminiana. Kila mmoja akatia kufuli lake, akaondoka na ufunguo wake. Taifa juu, mkoa katikati, mji chini karibu na kizingiti. Hata mlangoni wamepangana kwa ukubwa.

Mkunga anapimia watu barazani. Kasema, bibi, mimi siku hizi nalinda makufuli tu.

Mkwe wangu mwezi wake ndio huu. Wa kwanza alimzalia ndani ya lori, njiani kwenda hospitali kubwa. Mtoto hakulia. Basi.

Jumatano, 6 Machi
Ofisi ya mji. Karani wao namwita Bwana Utaratibu, hapigi chafya mpaka aidhinishiwe. Ufunguo anao, uko mfukoni, kanionyesha. Ila hawezi kumtangulia mkoa. Nikamwambia, baba, kwani kufuli lako likiwa wazi peke yake litaona haya? Akacheka, akanipa kiti. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha — hakuna mbaya wa kumtukana nikashiba.

Ijumaa, 8 Machi
Mkoani. Miguu imevimba kama mito ya kulalia. Mwenye ufunguo ni binti mdogo, kaniita bibi, kaniagizia chai. Anasubiri bwana wa taifa aanze, maana lake liko juu. Bwana wa taifa yuko semina. Semina ya nini, mwanangu? Akainamisha uso. Ushirikiano wa ngazi zote za serikali.

Nimecheka mpaka chai ikanitokea puani. Kurudi, njiani, nimelia kidogo. Jua lilikuwa kali.

Jumanne, 12 Machi
Mkwe hali. Anakaa kashika tumbo. Nimemwambia mkwe ni jina la watu, wewe mwanangu, kula. Akaniuliza, mama, ni lori tena? Nikamkemea, toka hapa na maneno yako. Kisha nikaenda uani kuchanja kuni ambazo hatuna haja nazo.

Alhamisi, 14 Machi
Nimewadanganya wote. Mungu ataniuliza, nitamjibu.

Nimempigia Bwana Utaratibu: mkoa wanafungua Jumatatu asubuhi, usichelewe. Nikampigia yule binti: mji wako tayari, umebaki wewe tu. Kwa bwana wa taifa kapokea katibu wake. Nikasema mwambie wadogo zake wanafungua bila yeye. Shule sikuiona, herufi niliziokota kwenye magunia ya unga. Lakini wakubwa nimewalea, najua wivu wao.

Jumatatu, 18 Machi
Wamekuja wawili! Na uchungu umekuja pamoja nao. Mkwe kalala barazani juu ya khanga zangu, mkunga yuko naye. Kanifukuza, eti namkoroga kwa kelele. Nimekaa ngazini naandika ili mikono ipate kazi.

La chini limefunguka. La katikati limefunguka. La juu linaning'inia. Bwana wa taifa kapigiwa simu, yuko njiani, mbali. Kasema lisiguswe, ni mali ya serikali.

— Mimi wa mji nikivunja la taifa, kesho nalala nyumbani bila kazi, kasema Bwana Utaratibu.
Binti akasema yeye lake kafungua.
— Basi mzalisheni nyie! Mtoto amekaa vibaya, nahitaji kitanda na taa! Huyo ni mkunga.

Mkwe kaniita. Si kwa sauti. Kaniita mama.

Shoka la kuchanjia kuni ninalo, liko mapajani. Nimewauliza, nipige? Binti anatazama viatu vyake. Bwana Utaratibu anamtazama binti. Hakuna anayesema piga. Nimesubiri aseme mmoja acha — hakuna. Bwana Utaratibu kanisogezea kiti, kufuli la juu siwezi kulifikia nikiwa chini. Kakishika miguu kisiyumbe, uso kageuzia kando. Naweka kalamu, napanda.