Taa Mpya ya Kichwani

Alhamisi usiku

Jana taa yangu ya kichwani ilizimika ghafla nikikimbia karibu na machimbo ya mawe, huku Utange. Nikasimama. Dada Mwanaisha aliponifikia na taa yake, niliona ncha za viatu vyangu ziko ukingoni mwa shimo.

Leo muuzaji wa Bombolulu amenisifia taa kali mno.

"Chaji yake yakaa?" nikamuuliza.

"Ukiwasha mwanga wote, saa moja tu, mwanangu."

Nikachukua ile ya mwanga mdogo, inayodumu hadi alfajiri.

Mwanaisha ataka tukakimbie tena kesho. Nimemjibu, "Inshallah," naye akaielewa hofu yangu.

"Basi nitatangulia mimi," akasema. "Wewe nifuate."

Nilidhani nitapumua. Wallahi, sasa namwogopea yeye.