Kipeo cha Kumi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kifua kimeachia. Wifi na watoto hawajambo? Mimi niko na cherehani yangu, tunazeeka pamoja. Baba anakula vizuri na kugombana na redio vizuri zaidi. Ningependa kuishia hapo, lakini siwezi.

Nianze na kile kikokotoo ulichomletea. Unakumbuka alivyokinunia? Alisema hakina akili, kinampa mtu alichobonyeza, si alichokusudia. Wanafunzi wanaokuja kusoma hapa nyumbani mpaka leo wanamwita Bwana Mabano. Akiona mtu ametafuta kipeo cha pili cha hasi tatu akapata hasi tisa badala ya tisa, anapiga ubao kwa kiganja na kuuliza mabano yamekwenda wapi. Mimi nikiwa nashona nje ya mlango nalisikia kofi hilo, na mguu unaruka kwenye kanyagio.

Siku moja sikulisikia. Mwanafunzi alisoma hasi tisa kwa sauti, na Baba akamwambia vizuri, endelea. Niliacha sindano imezama kwenye nguo ya mtu.

Walipoondoka nikamuuliza taratibu, nikitarajia anifokee. Hakufoka. Alisema anajua, hesabu zimeanza kumponyoka kama sabuni kwenye mikono yenye maji. Akanikataza kukuambia, maana ukijua utakuja kumhamisha, na yeye bila darasa ni mzee tu wa kukaa kwenye kiti. Kisha akanipa kazi. Kila asubuhi kabla ya chai atazidisha mbili kwa mbili kichwani, nne, nane, kumi na sita, akipanda kipeo kwa kipeo, na mimi nihakikishe kwa kikokotoo chako, kwa kuwa tarakimu za kioo hazioni tena. Nabonyeza mbili, kitufe cha kipeo, namba aliyofikia, halafu kitufe cha sawasawa. Siku atakayoshindwa kufika kipeo cha kumi, yaani elfu moja na ishirini na nne, nimwambie bila kumwonea haya, naye atafunga darasa siku hiyo hiyo. Watoto wa watu wana mtihani, alisema, hawezi kuwapoteza njia kwa sababu ya uzee wake. Aliniapisha kwa jina la marehemu mama.

Mwanzoni alikuwa anapita kumi kama anatembea sokoni, na kunitania kwamba kidole changu ni kizito kuliko kichwa chake. Baadaye akawa anapumzika njiani. Halafu akawa anaishia kumi na mbili, kumi na moja. Chai ilikuwa inapoa, na mimi nilikuwa naomba kimyakimya kama mtu anayemsindikiza mgonjwa kupanda ngazi.

Leo asubuhi alifika mia mbili hamsini na sita vizuri. Kipeo cha tisa akasema mia tano ishirini na mbili. Kioo kilisema mia tano kumi na mbili. Nilifungua mdomo, kaka, nakuapia niliufungua. Lakini alikuwa amekwisha kuzidisha hiyo hiyo yake, tena bila kosa, akapata elfu moja na arobaini na nne, akaniuliza kama amefika. Nikasema umefika, Baba. Akacheka, akaomba shati lake jeupe.

Ningekuwa nimemdanganya yeye peke yake, pengine nisingekuandikia. Alasiri aliwaandikia wanafunzi ubaoni mbili kwa kipeo cha kumi, na jibu lake la asubuhi. Binti wa kinyozi, yule mwembamba anayekaa mbele, akainua mkono kwa adabu na kusema kikokotoo chake kinatoa elfu moja na ishirini na nne. Baba hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alimwambia mashine inatoa kilichobonyezwa, kama ana shaka amuulize dada hapo mlangoni, kwa sababu tumehakikisha pamoja asubuhi. Darasa zima likanigeukia. Nikamwambia mtoto wa watu amebonyeza vibaya.

Alibonyeza tena. Akakitazama kioo, akanitazama mimi, kisha akachukua kifutio na kufuta jibu lake lililokuwa sahihi. Sikuwahi kujichukia kama nilivyojichukia pale.

Kwa hiyo njoo, kaka. Sikuombi umhamishe. Nakuomba ukae naye asubuhi moja, ukishike wewe kikokotoo, umwambie ukweli nilioshindwa kumwambia. Wewe ni mkubwa, na kwako atakasirika tu; kwangu atajua kuwa nilimhurumia, na hilo hatalisamehe. Kwa binti wa kinyozi nitakwenda mwenyewe kesho.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na yule mdogo mwambie gauni lake limebaki vifungo tu. Baba angekutumia salamu, ila hajui kama nakuandikia. Yuko chumbani anapiga pasi shati jeupe la kesho.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi