Kilichobaki: Zero

Bunia, Alhamisi, saa kumi jioni. Tangu asubuhi mawingu yamejazana upande wa Komanda. Mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Kichwa changu kiko vilevile.

Mimi si mtu wa kuchanganyikiwa haraka. Nimesoma habari kwenye redio ya mji huu kwa miaka ishirini na miwili, siku nyingine nikiwa nimekaa chini ya meza risasi zikilia nje, na sauti haikutetemeka. Leo nimeshindwa na sahani ya fufu.

Nianze na yanayojulikana.

Dada yangu mkubwa, yaya Josefina, ana ugonjwa wa sukari. Ni mjane, watoto wake wote wanaishi mbali, na nyumba yake iko Mudzi-Pela. Miezi miwili iliyopita aliingia katika utafiti. Watu wa chuo kikuu wanataka kujua chakula chetu cha kila siku, ugali wa fufu, mboga ya sombe, maharagi, kinafanya nini katika damu ya mtu mwenye sukari. Kila mama alipewa mizani ndogo ya jikoni, kipimo cha sukari na kaye, daftari la kuandikia. Kazi yenyewe ni rahisi. Weka chakula kwenye sahani, pima, andika. Ukimaliza kula, pima kilichobaki, andika. Fufu isipite alama nyekundu waliyochora kwenye mizani. Daktari wa kituo cha afya anasoma kaye na kupanga vidonge kulingana na chakula.

Nilifanya kipindi kuhusu utafiti huo. Nilisema hewani kwamba sasa tutajua kwa hakika mama wa Bunia anakula nini. Nilisema "kwa hakika". Ninakumbuka kwa sababu nililipenda neno hilo.

Jumatatu yaya alianguka njiani akitoka sokoni. Wanawake waliokuwa naye walimnywesha soda, akafungua macho. Kipimo kilionyesha sukari imeshuka sana, kama ya mtu anayemeza vidonge bila kula. Daktari akafungua kaye. Kila siku saa saba mchana: fufu imefika kwenye alama, mboga, samaki kidogo. Kilichobaki: zero. Ukurasa mzima, zero, zero, zero, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista.

Daktari alisema anayekula hivyo hawezi kuanguka hivyo. Alidhani kipimo kimeharibika, kikabadilishwa. Alidhani anachanganya vidonge na dawa za miti, yaya akakataa. Basi akasema arudi Ijumaa, yaani kesho. Kama kaye ni ya kweli, vidonge vitabaki vilevile na tatizo litatafutwa kwenye figo. Halafu akaniambia mimi peke yangu kwamba akianguka mara ya pili, huenda soda isimwamshe.

Jumanne, yaya alipokuwa kwenye sala, nilipekua chumba chake. Nilikuwa natafuta dawa za miti. Chini ya kitanda nilikuta viatu vya marehemu shemeji, vimepakwa rangi, vimejazwa magazeti ili visikunjamane. Nilivirudisha.

Nilikuwa na uhakika kwamba anadanganya. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Leo mchana nilifika kwake bila kumwarifu. Nilimkuta amesimama mbele ya mizani, miwani puani, anapunguza fufu kwa kijiko mpaka mshale ukalala juu ya alama. Akaandika. Kisha akaibeba sahani na kwenda nayo nyuma ya nyumba.

Nyuma anaishi Koko Eliza, mama mzee aliyekimbia vita kutoka Gety wiki tatu zilizopita. Yaya alimpa kijumba kilichokuwa cha kuku na akakipaka udongo upya. Hayo niliyajua. Nilijua pia kwamba Koko ana jiko lake. Sikuwahi kuuliza kama linawashwa.

Walikaa kwenye mkeka mmoja, sahani katikati. Wiki tatu. Kizunguzungu anacholalamikia yaya nacho kina wiki tatu.

Sahani ilipokuwa tupu nilimwita yaya pembeni.

"Yaya, hii njo sahani unaandikaka kila siku?"

"Njo hii. Si umeona nimepima?"

"Lakini unakula nusu tu."

"Balisema nipime sahani, nimepima. Balisema niandike chenye kimebaki." Akanigeuzia sahani juu chini. "Nini imebaki, mudogo yangu?"

Nimewahoji magavana wakanipa majibu dhaifu kuliko hilo.

Nilimuuliza kwa nini haongezi fufu, maadamu ni wawili. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtu asiyejua kusoma. Alama nyekundu. Fufu isipite alama. Nikasema alama ni ya mtu mmoja. Akasema hakuna aliyemwambia hivyo, walimwambia ni ya sahani, na sahani ni moja. Nikasema basi ale yake, ampe Koko nyingine. Hapo alikasirika kidogo. Mwanamke anayejipikia na kula peke yake huku mgeni yuko nyuma ya nyumba, kila mtu hapa anajua anaitwa nani. Hakulitaja neno. Siye tumelelewa nalo.

Kisha akapunguza sauti. Alitaka nisimwambie daktari.

"Ataambia bale ba utafiti. Batakuja hapa kuuliza-uliza. Koko akisikia eti njo yeye ameniangusha, hataweka tena mukono mu sahani yangu. Na mu jiko yake hamuna moto." Akafuta mikono. "Weye unajua kusema mu redio. Jifunze na kunyamaza."

Niliondoka na kaye yake mkobani. Nikiwa njiani nilisimamisha pikipiki na kumpigia simu Madame Kavira, mtafiti anayesimamia kazi hii. Ni mtu wa Butembo, makini, kaye zake zote zimefunikwa plastiki. Sikutaja jina la mtu. Nilimuuliza kama anajua akina mama wengine wanakula na nani. Akasema kwenye fomu hamna nafasi ya kuandika mikono mingapi imeingia katika sahani. Halafu akasema kwamba hata kwa mama yake, Butembo, wanakula sahani moja, na hakuwahi kufikiria kuliuliza kwa sababu analijua mno.

Sielewi.

Ningeelewa kama kungekuwa na uongo mahali fulani. Uongo naujua, nimeufuata mpaka machimboni Nizi na nikaukamata kwa mkia. Hapa nimetafuta na sijaupata. Mizani ni nzima. Damu ya yaya inasema kweli. Kaye ndiyo hati safi kuliko zote nilizowahi kushika, kila namba ni sahihi, na ikisomwa hivyo kesho itamrudisha yaya barabarani na vidonge vilevile.

Na zile kaye nyingine? Labda kuna mama aliyekula robo. Labda mwingine alikula zaidi ya sahani yake, kwenye sahani ya jirani, na hakuna aliyeandika. Nilitangaza kwamba tutajua kwa hakika. Sasa sijui hata mtu wa tumbo moja nami amekula nini wiki tatu hizi. Yeye mwenyewe hajui. Nilimuuliza alikula matonge mangapi, akacheka: nani anahesabu matonge mbele ya mgeni?

Kuna jambo nimeliruka hapo juu.

Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikawakuta kwenye mkeka, Koko Eliza aliinua uso akasema, "Karibu, muzee wa redio, fufu ingali na moto." Yaya akanisogezea maji ya kunawa. Nilikuwa nimekuja kumtafuta anayekula chakula cha dada yangu. Nilivua viatu, nikanawa, nikakaa.

Nilikula matonge manne.

Halafu ndipo nikamwita pembeni na kumwambia anakula nusu. Leo haikuwa hata nusu. Na jioni hii, nikiandika, ndiyo mara ya kwanza ninahesabu.

Nimempigia yaya sasa hivi, nimemwambia anywe chai yenye sukari na asimeze kidonge mpaka tumwone daktari. Kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe, na kaye nitaibeba mimi. Kwenye mstari wa leo nimeongeza maneno kwa kalamu nyekundu: mikono mitatu. Daktari nitamwambia yote, wiki zote tatu. Hilo siwezi kulinyamazia, yaya anisamehe. Lakini Koko akija kuuliza ni nani aliyemaliza chakula cha mgonjwa, jina la kwanza atakalosikia liwe langu.